Ndege Iliyoanguka kwa Jirani

Mimi ni muuza maziwa, na muuza maziwa hana sauti ya chini. Asubuhi nateremka kutoka milima ya Masisi na bidoni zangu za maziwa hadi Sake, na jua likifika juu nimeshagombana na watu wa bariere wanaofunga njia kwa kamba, na mwenye pikipiki, na mama fulani anayetaka kuonja kopo zima kabla ya kununua. Nasema hivi mapema ili mtu asije akashangaa atakaponisikia natukana mahali ambapo wengine wangepiga magoti.

Kaka yangu alipotea na ndege wakati wa vita. Hilo tu ndilo tulilokuwa na ruhusa ya kulisema nyumbani. Alikuwa mchungaji kama baba, lakini vita vilipofunga masoko ya karibu alianza kuwaswaga ng'ombe mpaka Walikale, kwenye machimbo, maana wachimbaji wanataka nyama na msituni hakuna malisho. Kwenda alikwenda kwa miguu, kurudi alirudi kwa ndege za mizigo, zile kuukuu zilizoleta askari, bia na mchele na kuondoka na mawe ya madini. Zilitua juu ya barabara yenyewe, kwenye kipande cha lami katikati ya msitu: vijana wanazuia pikipiki na mbuzi pande zote mbili, ndege inashuka. Ukijuana na wapakizi ulipanda, ukakaa juu ya mifuko, na hakuna aliyekuuliza jina. Siku moja ndege haikufika Goma, na kaka yangu hakufika nyumbani.

Mama alikataza kilio. Kwetu, kumlilia mtu ambaye hujaiona maiti yake ni kumwita kifo, na mama alilishika jambo hilo kama anavyoishika rozari yake. Hatukunyoa nywele. Hatukuketi chini, na majirani hawakuja na kuni wala maharagi. Hata fahali hakutengwa na majike kama inavyofanywa nyumba ikifiwa. Aliyekuja na uso wa pole alipewa maziwa mlangoni, akaambiwa mwenye nyumba yuko safarini, akarudi kwake.

Kaka alikuwa ameoa karibuni tu, tumbo lilikuwa bado. Wifi yangu akabaki hapo katikati, si mjane wala si mke wa mtu. Wazazi wake waliuawa katika vita hivyo hivyo, hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Aliamka kabla yetu sote, akakamua, akafukiza vibuyu vya maziwa, akalala peke yake, mwaka ukaingia mwaka. Mama alimpenda, siwezi kusema uongo. Alimpakulia yeye kwanza ndipo mimi. Lakini alimpenda kama amana aliyoachiwa, ya kutunzwa mpaka mwenyewe arudi.

Kisha akatokea mwalimu wa shule ya msingi kule Mweso, mtu mpole aliyefiwa na bibi yake wa ndoa, akamwomba amwoe. Wifi alikubali kwa kichwa, bila kuinua macho. Padri ndiye aliyekwama. Alituambia, tena kwa huruma, kwamba Kanisa haliwezi kumfungisha ndoa mwanamke mwenye bwana. Apatikane mtu aliyemwona kaka akipanda ile ndege, na pajulikane mahali ilipoanguka. Bila hivyo, kwa Kanisa, kaka yangu yu hai. Mama aliposikia alifurahi waziwazi. Alisema munaona, hata Kanisa linajua. Mwalimu alikuwa tayari kungoja, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na wifi hakuwa tena msichana.

Basi nikasema nitakwenda mimi. Nani mwingine? Wanaume wa kwetu wakipita bariere mbili wanahesabiwa wapelelezi, lakini mama mwenye bidoni hakuna anayemwona. Wifi alinisindikiza mpaka njia panda akiwa amebeba mfuko wangu kichwani. Alipoushusha ndipo aliponishika mkono.

"Usiniletee uongo," alisema. "Hata ule wa kunisaidia."

Habari za ndege ile hazikuwa haba, zilikuwa tele kama panzi wa msimu. Wachungaji wa milimani kwetu wanasema ilipita chini kabisa juu ya malisho, ng'ombe wakatawanyika, na mara bunduki ikalia kutoka kilima cha pili. Adui aliitungua, wanasema, na wanakuonyesha kilima chenyewe kwa kidole. Wapakizi wa zamani, ambao siku hizi ni wakimbizi wa vita vya sasa na wanajibanza pale Sake, wanasema bunduki gani? Rubani alikuwa amelewa, mzungu yule alipanda ndege akiimba. Wengine wanaapa kwamba haikuanguka kabisa, kwamba ilipelekwa nchi nyingine na mali yake yote. Ya kuambiwa changanya na yako, wahenga walisema, na mimi nilichanganya miaka yote hiyo nikiwa nimesimama sokoni na kikombe cha kupimia mkononi. Nikaona kitu. Wachungaji walikuwa wanahitaji adui, na bunduki iliwapa. Wapakizi ndio walioijaza ndege mifuko mpaka milango ikakataa kufunga, na pombe ya rubani iliwaosha mikono. Kila mtu alikuwa anasimulia ile ndege inayomtua yeye mzigo wake.

Habari moja tu ndiyo mama aliyoitaka, na ilitoka kwa mama mmoja muuza mawese. Huyo aliapa kwamba siku chache baada ya ndege kupotea alimwona kule Pinga, kwa macho yake, mtu wa kwetu, mrefu, mwenye fimbo ya mchungaji, akipita na ng'ombe. Wewe usiyetoka milimani hutaelewa uzito wa fimbo hiyo. Kwetu mwanaume hamwachii mtu fimbo yake. Utamkuta mzee hana viatu, koti limemshinda kwa viraka, lakini fimbo anayo hata kanisani, ameiegemeza ukutani karibu na goti. Msituni hakuna anayetembea na fimbo ya namna hiyo, kwa sababu hakuna wa kumchunga. Kwa mama hiyo ilitosha. Palipo fimbo yupo mwenyewe, na mwenyewe alikuwa hai Pinga, labda na bibi mwingine, labda na aibu ya kurudi. Alikuwa amekwisha kumsamehe hiyo aibu.

Nilianza na Pinga basi. Leo kila kipande cha barabara kina wenyewe, na kila mwenyewe ana kamba yake amevuta katikati ya njia. Nilipita Mweso nikalala kwa mwalimu, kwa ndugu zake wa kike. Asubuhi alinipa sabuni na chumvi niwapelekee nitakaowakuta huko, akanitafutia mwenye pikipiki asiye na wazimu. Hakuniuliza nitaleta jibu gani. Nilimpenda kwa hilo. Kutoka hapo ni tope, madaraja ya miti miwili, kushuka na kusukuma, kupanda na kumshika kijana wa watu kiunoni kama mtoto wa mgongoni. Nilimtukana kwa kila shimo na yeye akawa anacheka tu.

Pinga nilimuuliza mama wa kwanza niliyemkuta akianika mihogo, kama amewahi kumjua mtu mwenye fimbo ya ng'ombe. Aliitikia bila hata kufikiri. Mwenye fimbo? Yuko shambani kwake, nyuma ya kanisa.

Nimemcheka mama yangu miaka mingi kwa ajili ya habari ile ya muuza mawese, lakini katika ile njia nyembamba kati ya mihogo mimi nilikuwa yeye. Niliamini. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumkaripia, na miguu ilikuwa inakwenda mbele yangu.

Mtu aliyenyooka kutoka kwenye matuta alikuwa mfupi, mtu wa msitu, umri wa kaka, na jembe mkononi. Fimbo alikuwa ameilaza kando, juu ya shati lake. Niliitambua kabla ya salamu. Kaka alikuwa na tabia ya kuichoma fimbo kwa waya wa moto, pete nyeusi chini ya mshiko, na kila ng'ombe wake akizaa aliongeza pete. Nilimwambia yule mtu mimi ni nani. Alifuta mikono kwenye suruali, akaichukua fimbo, akanipa kwa mikono miwili.

Aliniambia yote tukiwa tumeketi juu ya tuta. Alikuwa muuza makemba, zile ndizi za kupika, pale ndege zilipokuwa zinatua, na kaka alikuwa analala kwake kila akishuka na ng'ombe. Safari ile ng'ombe jike mmoja aliumia kwato, wachinjaji hawakumtaka, kurudi kwa miguu hawezi na ndege haibebi ng'ombe. Kaka akamwachia rafiki yake amtunze mpaka atakaporudi. Na akamwachia fimbo pia, kwa sababu ng'ombe wetu hamfuati mgeni, anafuata fimbo anayoijua. Kisha rafiki akambebea mfuko mpaka kwenye ndege. Alimwona akipanda, alimwona akiketi juu ya mizigo, aliona mlango ukivutwa. Kesho yake vita vikasogea, na yeye akakimbilia kwao Pinga, ng'ombe mbele, fimbo mkononi. Huyo ndiye aliyeonwa na muuza mawese. Urefu aliuongeza yule mama mwenyewe.

Nilimuuliza, tena kwa ukali, kwa nini hakutuma neno. Alisema Masisi ni kubwa, na hakujua atume kwa nani. Halafu akasema jambo lililonikata. Kwa habari ya ndege kuanguka kila mtu alikuwa na yake, na wengine walisema watu walitoka wazima. Basi yeye alikuwa anangoja kaka aje kuchukua ng'ombe wake. Alingoja mpaka ng'ombe akafa kwa maradhi ya msituni, akaendelea kungoja na fimbo. Mungu wangu. Huku mama, kule yeye.

Sikulia. Sijui kwa nini. Nilikuwa na hasira tu, hasira kavu, nikataka kumpiga mtu na sikumwona wa kumpiga.

Shahidi nilikuwa nimempata. Kilichobaki ni mahali, na yule mtu alisema ndugu za bibi yake wanaishi bonde ambalo ndege inasemwa iliangukia, ila tangu aoe kwao hajapata jibu moja. Tulikwenda. Kijiji cha kwanza walitupokea vizuri, wakasema ndege? Ilianguka kule ng'ambo ya mto. Tukavuka mto. Ng'ambo wakasema hapana, waliosema hivyo wanatania, ilianguka nyuma ya mlima ule, kwa wale wengine. Nyuma ya mlima wakatuelekeza kwa adabu kubwa turudi mto tulikotoka. Hapo ndipo nilipowaka. Nilisimama katikati ya uwanja wa watu, mimi mgeni, nikawaambia ndege si kuku wa kuingia kila siku kwa jirani, na kama wote wanajua haikuanguka kwao basi wote wanajua ilikoanguka. Yule mtu wa Pinga alikuwa ananivuta kitenge. Watoto walikimbia.

Mama mmoja mzee alikuwa amekaa mlangoni akipepeta mchele. Aliweka ungo chini, akaja mpaka karibu yangu, akaniangalia.

"Wewe uko nani yake?" aliuliza.

Nikamwambia nimetumwa na padri. Akatikisa kichwa, akauliza tena vile vile. Nikasema mimi ni dada ya mtu aliyekuwa ndani. Tumbo moja, ziwa moja. Wanaume waliokuwa wamesimama waliketi.

"Wote wenye walipitaka hapa waliulizaka ndege," alisema. "Hakuna hata mumoja mwenye aliulizaka watu."

Kisha akaniambia. Askari walikuja kwanza, wakitafuta mali iliyokuwa imebebwa, wakawapiga vijana mpaka mmoja akabaki kiziwi. Wakaja wengine kutafuta injini, na wengine tena wenye kamera. Bonde zima likakubaliana bila kikao: akija mtu akiuliza, ilianguka kwa jirani. Hivyo hakuna atakayepigwa peke yake. Yeye mwenyewe aliisikia siku ile. Kulikuwa na ukungu mzito, akaisikia ikizunguka juu, inakwenda inarudi kama inatafuta njia, halafu ikanyamaza. Bunduki hakusikia. Lakini hakusema kwamba haikulia huko kwetu milimani. Alisema yeye anasimulia masikio yake, si ya mwingine. Mpaka leo sijui nani mwenye haki kati yake na wachungaji wetu, na nimeacha kutafuta.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walinipikia sombe ya majani ya muhogo na bugali. Kabla ya kupakua yule mama alinionyesha sufuria iliyokuwa jikoni, nene, nyeupe ya majivu, ya kusubu kwa mkono. Alisema wahunzi wa bonde waliitengeneza kwa bati la ndege ile, na zipo nyingi vijijini, na kama siwezi kula ndani yake atapika upya katika chungu. Nilifikiri kidogo. Nikawaza kaka alivyokuwa mlafi wa sombe. Nilikula, na yule mama akala pamoja nami kutoka sahani moja.

Jambo lililobaki aliniambia baada ya kula. Waliokufa walizikwa mlimani pamoja, hawakuweza kutenganishwa. Katekista aliwasalia na wanakijiji waliwalilia. Lakini kwao damu ya mgeni ikimwagika mlimani, mlima unafungwa mpaka watu wake waje kulia. Kilio cha jirani hakiufungui. Tangu siku ile hakuna mwindaji aliyetega huko, hakuna mama aliyekata kuni wala kulima, na huo ndio ulikuwa mlima wao wa nyama. Walikuwa Wakristo, alisema, wanajua padri angewacheka. Ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukanyaga.

Sisi tulikatazwa kulia kwa sababu hatukuona kaburi. Na wao walikuwa wamelikalia kaburi na njaa juu yake, wakingoja tulie.

Tulipanda asubuhi iliyofuata. Njia ilikuwa imeshonwa na mimea ya kutambaa, wanaume wakaifungua kwa panga hatua kwa hatua, na walipofika mahali fulani wakasimama wakaniacha nipite mbele na yule mama. Kaburi lilikuwa limezungushiwa mimea ya majani mekundu wanayoipanda makaburini. Hapakuwa na msalaba tena, mchwa wamekula. Kipande cha ubavu wa ndege kilikuwa kimelala chini ya mti, kimeota ukoga, na mvua ilikuwa imetuama ndani yake.

Nikasimama. Wote walikuwa nyuma yangu wakingoja, na kilio hakikuja. Nilijaribu. Jamani, jaribu wewe kulia kwa sababu watu wamekuja kukusikiliza. Nikaona aibu, na aibu ikawasha ile hasira, nikafungua kinywa nikamtukana kaka yangu. Nilimwita mjinga. Nilimuuliza miguu yake ilikuwa na kidonda gani hata ashindwe kutembea kama alivyokuja. Nilimwambia mama anazeeka akichungulia njia na kumgombeza kila anayekohoa kwa huzuni. Nilimwambia bibi yake ameota mvi kwa kumngoja, na kwamba ng'ombe wake wa kwato mbovu amekufa, na fimbo yake inalinda mihogo. Niliuliza ni nani sasa atanisaidia kushusha bidoni. Sijui ni neno lipi lililokuwa la mwisho kabla sauti haijanigeukia. Nilijikuta chini, vidole kwenye udongo, na sauti iliyotoka sikuijua. Wanawake waliokuwa nyuma wakaipokea, wote kwa pamoja, na mlima ukajaa.

Baadaye, nilipokuwa nafuta uso, nikamwomba yule mama msamaha kwa matusi. Alisema kila ukoo unalia kwa kinywa ulichopewa. Wakati wa kushuka mwindaji mmoja alikata fito, akaanza kuchonga mtego huku akitembea.

Njia ya kurudi nilikuja na yule mtu wa Pinga, aje aseme mbele ya padri. Njia nzima nilipanga jinsi ya kumwambia mama. Nilipanga kuanza na mbali, na salamu, na habari za barabara. Tulimkuta nje, anachambua maharagi, wifi yuko kwenye zizi. Mama alimtazama mgeni wangu, akaitazama fimbo, akatazama nyuma yetu kama kuna mtu wa tatu anayekuja polepole. Nikasahau yote niliyopanga.

"Mama," nilisema, "nimemulilia kaka."

Aliendelea kuchambua maharagi. Mkono ulikwenda kidogo, kisha ukasimama.

"Basi umemuua," alisema.

Akaingia ndani. Hakunisemesha siku ile wala iliyofuata. Nilikamua upande wangu, yeye upande wake, na wifi katikati yetu hakuthubutu hata kuuliza. Nilimweleza nyuma ya zizi, kwa sauti ndogo, kila kitu na bila kuongeza chumvi kama alivyoniomba. Alisikiliza huku ameshika kibuyu. Alisema asante, akaendelea kukifukiza. Niliumia kuliko kama angelia.

Mgeni hakuweza kuondoka kabla ya kumsalimia mama vizuri, adabu ilimkataza, na mama hakutoka. Hatimaye alitoka, kwa sababu kumnyima mgeni maziwa kungemshinda hata shetani. Alimletea kibuyu, akaketi mbali. Kuhusu mwanawe hakuuliza. Aliuliza ng'ombe.

Yule mtu alieleza kwa aibu, akitazama miguu yake, kwamba ng'ombe alikufa, kwamba msitu haukumpenda. Mama akauliza kama alimpiga. Alisema hapana, Mama, hata siku moja. Kaka alimkataza. Alikuwa ameshapanda, mlango unavutwa, akainama akamwambia neno la mwisho kwa kelele kwa sababu ya injini.

"Aliniambia: usimupige," alisema. "Umuonyeshe fimbo tu. Huyu njo wa mama."

Mama aliweka mkono mdomoni. Ng'ombe yule alikuwa wa kwake kweli, wa zizi lake mwenyewe, na sisi wawili tu, yeye na mimi, ndio tuliojua kwamba alimpa kaka kwa siri, asimuuze kwa hasara bali amrudishe akikosa bei nzuri. Hakuna muuza mawese ambaye angeweza kulitunga hilo. Nilimwona akilipima, akiligeuza, akitafuta mlango wa kutokea na hakuna mlango. Kisha alilia. Alilia kilio cha miaka yote kwa pamoja, na vilima vya pande zote vikasikia, na kabla jua halijatua majirani walikuwa wanapanda na kuni na maharagi, hata wale aliokuwa amewarudisha mlangoni zamani.

Tulikaa matanga kama watu. Fahali alitengwa. Siku ya kunyoa mama alinyolewa kwanza, kisha akashika wembe mwenyewe, akamwita wifi, akamweka kati ya magoti yake. Alimnyoa polepole, anamfuta shingo kwa kitenge chake. Alipomaliza alinitafuta kwa macho.

"Kuja na wewe, muuaji," alisema, na watu wakacheka na machozi yao.

Padri alimsikiliza yule mtu wa Pinga, akamtuma katekista bondeni, akaridhika. Ndoa ilifungwa Mweso, bila makelele, wifi na nywele fupi zilizoanza kuota chini ya kitambaa. Nilidhani mama hatakuja. Alikuja kwa pikipiki, na kitenge kipya, na uso mgumu. Mbele ya mlango wa kanisa watu wa mwalimu walipanga mstari wa kupokea, kama desturi, mama wa bwana upande huu, mama wa bibi upande ule. Upande ule ulikuwa wazi. Wifi alitazama chini. Shangazi mmoja wa mwalimu, ambaye hakujua habari zetu, akauliza kwa nia njema kabisa mama wa bibi harusi ni nani, na kila mtu akaanza kukohoa.

Mama alinipa mkoba wake nimshikie. Akapita mbele ya watu wote mpaka kwenye ile nafasi.

"Ni mimi," alisema. "Mutoto wangu mumoja alibakia Walikale. Huyu njo mwenye niko naye."

Akamshika mkono, wakaingia.